Dona Otília na Vyumba vya Chini

Ijumaa tarehe 29 Aprili, Dona Otília Cardigos atafunga madirisha ya ghorofa ya pili, avue beji yake na kwenda nyumbani. Amelitumikia Jumba letu la makumbusho la Limoeiros hapa Coimbra kwa miaka thelathini na moja. Mimi niliyekaa dirisha la tiketi karibu nusu ya muda huo nimeombwa niandike habari zake.

Alikuja kwetu kiwanda cha vigae cha ng'ambo ya mto Mondego kilipofungwa. Alianza kwa kufagia, akawa mlinzi wa chumba cha picha za wafalme, mwishowe msimamizi wa walinzi wote. Wanafunzi wa chuo kikuu wanamjua vizuri. Wakipita na majoho yao meusi karibu mno na kuta, huwaambia, "Kusanya hilo joho, mwanangu, unawapangusa wafalme wangu." Na mgeni akimuuliza mjini hapa aanzie wapi, jibu ni lile lile: "Nenda kanisa kuu, nenda maktaba ya chuo, nenda kwenye sanamu za watawa. Kwetu uje mwisho, ukiwa hoi. Sisi tuna viti."

Lakini chini ya jumba letu kuna vyumba vya mawe vilivyojengwa na Warumi, vimeunganishwa kwa njia nyembamba, havina hata tundu la hewa ya nje. Wageni huvipenda. Dona Otília hakuwahi kutia mguu huko. Giza la mahali palipozibwa lilimtisha tangu utotoni, na hakulificha hilo. Hermínio, aliyekuwa akiwatembeza wageni huko chini, alimtania kila asubuhi.

"Otília, Warumi wanakuulizia."

"Wasalimie. Waambie magoti yananiuma."

Magoti yake yalikuwa mazima kabisa.

Kisha ikaja ile Februari ya mvua. Asubuhi moja Hermínio alikuwa ameshuka na wazee kutoka Tondela, wastaafu wanaosoma historia ya sanaa ili wasizeeke mbele ya televisheni. Mfereji wa kale uliopita chini ya barabara ukapasuka. Nilisikia mngurumo chini ya sakafu, kama mtu anaburuta makabati. Taa zikazimika jumba zima. Halafu zikaanza kelele za watu.

Niliwapigia zimamoto, nikakimbia. Dona Otília alikuwa keshafika mlangoni pa ngazi, tochi mkononi, uso umempauka. Hakuniangalia. Alishuka, nami nikamfuata.

Maji ya matope yalikuwa yamefika magotini, na yalikuwa yanapanda. Hermínio alikuwa ameegemea ukuta, mguu umevunjika. Nilimbeba mgongoni huku Dona Otília akiwaita wazee mmoja mmoja waifuate tochi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, siyo ile tuliyoizoea, lakini haikukatika.

Tulipofika juu, bibi mmoja, Dona Lucinda, alituangalia wote usoni, kisha akatuangalia tena.

"Abílio wangu yuko wapi?"

Tulianza kuliita jina lake kuelekea chini ya ngazi.

"Hasikii," alisema. "Hata mkimwita, hasikii."

Nilikuwa bado namlaza Hermínio kwenye benchi. Nilipogeuka, Dona Otília hayupo.

Yaliyofuata amenisimulia mwenyewe, mara moja tu. Alipita chumba hadi chumba akipapasa ukuta, maji yakimfika mapajani. Kumwita mtu kusingefaa kitu, na ukimya ule ulimtisha kuliko maji. Alijua kwamba tochi ikizimika angebaki pale kama jiwe. Katika chumba cha mwisho aliona mgongo wa koti. Alipoligusa, mzee aligeuka kwa hofu na kumpiga kwa mwavuli. Tochi ikaanguka majini.

"Giza likaniingia mdomoni, Telmo," aliniambia. "Nilisahau kupumua."

Hakuliachia lile koti. Senhor Abílio alipapasa mkono uliomshika, akatambua kuwa ni wa mtu, na kwamba mtu huyo anatetemeka mwili mzima. Akaufunga ndani ya viganja vyake.

"Usiogope, binti yangu," alimwambia kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Tutatoka."

Wakatoka wameshikana, bega likikwaruza mawe, mpaka wakaona taa za zimamoto zikishuka ngazi. Dona Lucinda alimzaba mumewe kofi la begani, kisha akamkumbatia Dona Otília, na kwa muda mrefu hakumwachia.

Wengi walidhani hofu ile ingekuwa imekwisha. Vyumba vilipofunguliwa tena, mkurugenzi alitaka kumpa heshima ya kukata utepe huko chini. Alikataa.

"Nilishuka kwa sababu kulikuwa na mtu," alisema. "Leo hakuna mtu."

Hajashuka tena hadi leo, na Hermínio, ambaye sasa anatembea na fimbo, hajamtania tena.

Dona Otília, tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyotufungulia, na kwa ile moja ambayo hakuna aliyekutuma. Pumzika kwenye kibaraza chako kule Santa Clara, ule kwa raha, ulale taa ikiwaka ukipenda. Maisha yako ya mbele yawe mema, na yawe na madirisha mengi.

Telmo Quaresma, dirisha la tiketi