Kituo cha Veikko

Kule Finland ukisikia watu wasiojuana wakiongea ndani ya basi, ujue mmoja amelewa au wote wamekasirika. Hawa hawakuwa wamelewa.

"Mama, si kaka yako kapewa mtaa wenye jina lake?" mzee Taisto alimaka. "Mnataka nini tena?"

Kerttu, dada wa marehemu Veikko mpiga kodiani, akamgeukia. "Kapewa kipande cha lami nyuma ya jaa la taka! Hata banda la kuku hakuna. Mtaa aliozaliwa, mligoma nyinyi wenyewe usiitwe kwa jina lake."

"Sasa tuhangaike kubadili anwani kwa ajili ya kodiani?"

"Mkeo ulimpata wapi, mzee wangu?"

Taisto akakohoa. "Dansini. Kwenye muziki wa tango."

"Nani alikuwa anapiga?"

Mzee akageukia dirishani, theluji ikampendeza ghafla.

Spika ikataja kituo kinachofuata: Mtaa wa Veikko Hannula. Hakuna aliyegusa kengele, na dereva hakupunguza mwendo. Kwake Kerttu kulikuwa bado mbali. Akafunga skafu, akabonyeza kengele.

"Hapa hapakai mtu, mama!" Taisto alisema. "Utaganda!"

"Najua. Lakini basi litasimama."

Likasimama.