Maji Yamo Chupani

Saa kumi jioni basi liliondoka, na fundi cherehani akameza mate huku amekunja uso. Wifi yake, aliyemsindikiza kwa daktari, hakumwonea huruma tena.

"Umio umechubuka kwa sababu vidonge vinanasa humo. Umeambiwa umeze na glasi nzima ya maji, na usilale papo hapo."

"Nikinywa maji, wifi, dereva atanisimamishia wapi nijisaidie?"

"Ndiyo maana unameza kwa mate?"

"Si yanateleza!"

"Yangeteleza ungelia ukinywa chai? Njia ikiziba, tukulishe kwa masikio?"

Abiria wa mbele akacheka. Fundi akanuna.

Basi likasimama stendi, mlango ukitazamana na choo. Wifi akamfungulia chupa. Fundi akatia kidonge kinywani, akairudisha chupa imejaa, akameza, akashuka.