Albamu Isiyofukuza Ndege

Kijiwe chetu hapa Garsen hakina jina, kina kiti. Ni kiti cha nyuma cha basi, kile kirefu cha watu watano, nilichokitoa kwenye basi lililokufa nikakiweka mbele ya kibanda changu cha kushonea. Mabati yanatupa kivuli, njia panda inatupa habari, na kahawa tunapewa na Fosia, ambaye birika lake sijaliona likipoa tangu nimjue. Mimi naitwa Fundi tu. Cherehani yangu iko hatua mbili kutoka kitini, kwa hiyo hakuna ubishi unaonipita. Pembeni hukaa Hirbo, dalali wa ng'ombe, tuliyempa jina la Jaji kwa kuwa huamua kesi kabla haijasomwa, kisha huifunga kwa methali isiyohusika. Katikati hukaa Dahir mwenye duka, yeye ni Mtandao, kwa sababu simu haimtoki mkononi. Na Jumatano moja, saa nane kasoro, akashuka kwenye pikipiki mzee Jilo wa kijiji cha Ngao, mkulima wa mpunga, amekumbatia spika kama mtoto mgonjwa.

Spika ile tunaijua. Mzee Jilo amelinda mpunga miaka zaidi ya thelathini, juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, kwa kombeo na madebe na koo lake mwenyewe. Mwishowe ndege wakamzoea. Akipiga kelele wanainua kichwa, wanaona ni yeye, wanaendelea kula. Ndipo mwanawe Caleb, aliyeko Nairobi na bendi ya watu watatu iitwayo Tope, akatoa albamu ya kwanza. Ni muziki wa metali, ule wa magitaa ya kukwaruza na mwimbaji anayepayuka kutoka tumboni. Kupayuka kule hakufundishwa na mtu, alikulia juu ya dungu hilo hilo akifukuza ndege. Mzee akaifunga spika kwenye nguzo shambani, akaunganisha betri ya sola, akabonyeza. Ndege wakahamia ng'ambo ya mto. Tangu hapo sisi wa kijiweni tukitaka kujua kama Tope wamepiga vizuri, tunauliza ndege wamesemaje.

Albamu ya pili ilikuwa na miluzi ya wachungaji na kengele za ng'ombe. Ndege walijifikiria kidogo, kisha wakaondoka. Sasa imetoka ya tatu.

— Spika imeharibika, akasema mzee Jilo, akaniwekea mapajani. Fundi, nitazamie.

— Mimi ni fundi wa nguo, mzee.

— Fundi ni fundi.

Nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikaifunga. Tukaijaribu kwa redio, ikapiga taarifa ya habari mpaka mwenye hoteli ng'ambo ya barabara akatoka nje. Spika ilikuwa nzima.

— Basi ni albamu, akasema mzee kwa sauti ndogo, akakaa.

Fosia akampa kikombe, naye akatueleza. Siku tatu ameipiga tangu alfajiri. Ndege wamekuja, wamekaa juu ya mpunga, na mmoja amekaa juu ya spika yenyewe. Mpunga si tatizo sana, majirani wamemwazima watu wa kupiga madebe mpaka siku ya kuvuna. Tatizo ni simu. Kila albamu ikitimiza wiki, Caleb humpigia saa tisa kamili kumwuliza ndege wamesemaje. Jibu la swali hilo ndilo sifa pekee ambayo mzee Jilo amewahi kumpa mwanawe kuhusu muziki, na Caleb hulingoja. Leo ndiyo siku yenyewe.

— Nimwambie ndege wamekataa? Mtoto ametumia miaka miwili kwa kazi hii.

Pale pale mahakama ikaketi. Dahir akatuonyesha kwamba wasomi nao wamegawanyika. Albamu ya kwanza, mchambuzi mmoja wa Nairobi aliiita kelele za vijana walioshiba. Ya pili ikapewa alama nane kwa kumi na jarida la Ulaya, na yule wa Nairobi akageuka akasema alijua tangu mwanzo. Hii ya tatu, mmoja anasema Tope wamelainika, mwingine anasema wamekomaa, wa tatu amejaza kurasa mbili bila kusema kama ameipenda. Wote wanakubaliana jambo moja tu, kwamba Caleb hapayuki tena.

— Koo limeharibika, akasema Dahir. Mtu hawezi kupayuka miaka sita. Hata gari hubadilishwa oili.

— Ameoa kisirisiri, akasema Hirbo. Mke amemwambia ashushe sauti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mvungu uliingiaje humo, hakuna aliyeuliza. Kwa Hirbo tumeshajifunza kutouliza.

Mimi nilisema ukweli wangu. Caleb ana tabia ya kuzunguka na simu akirekodi sauti za watu na vitu, na katika albamu ya kwanza, wimbo wa tatu, ile ngoma inayokwenda mbio bila kupumua ni cherehani yangu. Alikaa hapa asubuhi nzima akiirekodi nikishona sare za shule. Albamu ya pili wakaitoa, na ndege wakaanza kusitasita. Ya tatu hakuna hata uzi. Mwenye akili ajumlishe mwenyewe.

— Tangu lini ndege akaogopa cherehani? akauliza Fosia.

— Ndege anajua nyavu hushonwa na nini.

— Wewe umeshona nyavu lini, Fundi?

Kuna maswali ya dharau na mtu mzima huyapisha yapite.

Hirbo naye hakukubali. Kwake albamu ni moja tu, ile ya pili, kwa kuwa kengele zile ni za ng'ombe wake na mluzi ni wake mwenyewe akiwapeleka majini. Anasema jarida la Ulaya halikutoa alama nane kwa Caleb, lilitoa kwa ng'ombe. Tukamwuliza basi mbona hawa ndege wa sasa hawaondoki.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema. Hii ni siku ya tatu. Ndege wanangoja jembe.

Dahir akaweka simu chini, jambo ambalo si la kila siku, akatupa nadharia yake ya pili. Ndege wale hawakai hapa, wanazunguka nchi za watu, wanapita Ethiopia na kwingine tusikokujua. Huko wameshaisikia albamu. Wamekuja Ngao wakiwa wameshaizoea.

— Unasema ni mashabiki, nikasema.

— Wallahi, nasema wamefuata bendi.

Fosia alisema labda kijana ana furaha tu, na mtu mwenye furaha hana la kupayukia. Tulimwambia ni wazo zuri, tukaliacha hapo, kwa sababu halikuwa na ubishi ndani yake. Yeye akacheka, akaongeza tangawizi kwenye birika. Siku kama hizo mimi naona Mungu amenipangia vizuri: kiti, kivuli, na watu wasiokubaliana.

Mzee Jilo peke yake hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe.

— Cherehani ya Fundi imo, akasema. Ng'ombe wa Hirbo wamo. Mimi niliyemzaa sina hata kikohozi mle.

Akajaribu kulitia mzaha, lakini mzaha haukufika. Akakohoa mara mbili, kikohozi chake kile kikavu, akamalizia na "Bwana wee" kama afanyavyo kila akikohoa. Niliona aibu kidogo kwa kujivunia cherehani mbele yake.

Dahir, kubadili hali ya hewa, akasoma tena. Mchambuzi wa kurasa mbili ameandika kwamba kwenye wimbo wa mwisho, wa dakika kumi na moja, kuna ala ya kale ya kupuliza ambayo hakuweza kuitambua. Anasema inatisha na kuliwaza kwa pamoja. Hapo tukasahau ndege. Hirbo alisema ni pembe ya nyati. Dahir alisema kompyuta. Mimi nikasema bomba la pampu ya maji likivuta hewa, hiyo sauti naijua. Hirbo akaona pembe ya nyati imekuwa ndogo kwa kesi ile, akaipandisha: ni jini la ziwani, lile linaloita mifugo wakati wa mafuriko, na Caleb amelilipa mbuzi mweupe ili arekodi.

— Na ndege hawalikimbii jini? akauliza Dahir.

— Wanatoka kwao pamoja, akasema Hirbo. Damu nzito kuliko maji.

Ilibaki robo saa kufika saa tisa. Basi la kwenda Hola lilikuwa limesimama mbele yetu, linabadilishwa tairi, na abiria mmoja, mwanamke mwenye mkoba wa kijani, alikuwa ameomba nafasi kwenye kiti chetu. Alitoa shikamoo kwa mzee Jilo, akachukua kahawa, akasikiliza muda wote bila kusema. Tulidhani amelala macho wazi.

— Samahanini, akasema. Huo wimbo wa mwisho unaendaje?

Tukatazamana.

Dahir alisema yeye amesoma habari zake zote. Hirbo alikiri kwamba aliposikia hakuna ng'ombe aliruka wimbo, na uliofuata, na uliofuata. Mimi, kusema kweli, nilitega sikio kwa cherehani dakika moja kila wimbo, nikazima kwa hasira. Mgeni akamgeukia mzee Jilo kwa adabu.

— Na wewe baba, si umeupiga siku tatu?

— Nauweka, kisha natia pamba masikioni, akasema mzee. Zote nimezipiga hivyo. Ni muziki wa ndege, mama. Sikujua mtu anaweza kuusikiliza.

Fosia ndiye aliyenyoosha mkono akasogeza spika katikati ya kiti, na kwa kuwa kadi yenye albamu ilikuwa bado imo, mzee akabonyeza mwenyewe. Mara ya kwanza bila pamba.

Wimbo ulianza kwa gitaa zito, taratibu, likikokota miguu kama mtu anayetembea kwenye maji ya magoti. Ngoma ilikuwa mbali. Hapakuwa na kupayuka. Dakika ya pili Hirbo akafungua mdomo, Fosia akamtazama, akaufunga. Dakika ya nne ikaingia minong'ono ya vitu vingi vidogo vidogo, nikajua ni mpunga ukipigwa na upepo. Kisha magitaa yakapanda yote kwa pamoja, lakini si kwa ugomvi, na juu yake, kutoka mbali sana, ikaja ile ala.

— Hooo... haaa! Hooo!

Debe likalia. Sauti ikaita tena, ndefu, imekatika mwishoni, sauti ya mtu mzima aliyepiga kelele miaka mingi. Magitaa yakashuka kuipisha. Ikaita mara nne au tano, na kila ikiita gitaa linaijibu. Kisha vyombo vyote vikanyamaza. Tukasikia kikohozi kikavu, mara mbili.

"Bwana wee," ikasema spika.

Fosia alikuwa anamimina kahawa, ikajaa kikombe, ikamwagika kwenye sinia. Mzee Jilo alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Wimbo uliendelea dakika tatu zaidi na hakuna aliyetikisika mpaka ukaisha.

— Alikuja wakati wa mavuno ya mwaka jana, akasema mzee. Alikaa chini ya dungu kutwa, simu mkononi. Nilimgombeza. Nilimwambia Nairobi imemharibu, hata ndege hafukuzi tena.

— Basi ndiyo maana, akasema Dahir polepole. Spika nzima, albamu nzima. Ndege wamesikia ni wewe.

Mzee akacheka, safari hii cheko lenyewe, huku machozi yanamtoka na hayafuti. Nami sikuona haya kufuta yangu kwa kipande cha kitambaa cha sare. Hirbo akamwelekezea yule mwanamke fimbo yake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema.

Sote tukamgeukia. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza methali yake kuangukia mahali pake, na nadhani yeye mwenyewe alishtuka, kwa sababu hakusema neno tena mchana ule. Basi likapiga honi. Mwanamke akaaga, akapanda, hata jina hatukumwuliza. Fosia akainamisha birika, halikutoa kitu.

Saa tisa kamili simu ikaita. Mzee Jilo aliiacha iite mara tatu akijisafisha koo, kisha akaiweka sikioni. Caleb ana sauti kubwa hata asipoimba, kwa hiyo tulisikia salamu, tukasikia akiuliza afya, mto, mpunga. Kisha akafikia lile alilopigia.

— Haya baba. Ndege wamesemaje?

— Achana na ndege, akasema mzee Jilo. Ndege waulize ile ya kwanza. Hii niulize mimi.