Bi Tochi na Pampu Iliyozimia kwa Joto

Wasikilizaji wapendwa, habari za saa hizi. Leo nazungumza nikiwa na hasira kidogo, mtanivumilia. Bi Tochi ametutoka. Fundi wa magari, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, ametutoka Jumanne asubuhi. Na tangu Jumanne nasikia watu wakisema alikuwa mama mpole. Nani, Bi Tochi? Mpole alikuwa paka wake.

Aliingia gereji kama msafisha viti. Kusafisha viti vya magari, basi. Miaka sita alisugua viti huku masikio yake yakiwa kwenye injini. Binti yake anakumbuka: "Sisi tunakula, mama kafungua kitabu cha ufundi pembeni ya sahani. Ukimsemesha anakwambia, subiri nimalize mota."

Siku moja mkunga akaleta gari lake la haibridi, linalotumia petroli na umeme. Likipanda mlima linaishiwa nguvu, taa nyekundu inawaka. Likipumzika linapona. Na gari hilo ndilo lililomfikisha kwa wajawazito. Mafundi watatu wakatoa hukumu: betri kubwa imekufa. Gereji ile ilikuwa na ugonjwa huo. Haibridi ikikohoa tu, betri imekufa.

Bi Tochi akaweka brashi chini. "Betri iliyokufa haifufuki kwa kukaa kivulini," akasema.

Mkuu wa gereji akamtazama juu mpaka chini. "Haya, shika wewe. Ukikosea, kesho usirudi."

"Na nikipatia?"

"Ukipatia, utakuwa fundi hapa."

Mafundi wote walisikia. Mkunga naye alisikia.

Sasa nifuateni taratibu. Gari hilo lina maji ya kupoza sehemu mbili. Kuna ya injini, na kuna ya kile kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota. Haya ya pili yanasukumwa na pampu ndogo ya umeme. Pampu ikisimama, kifaa kinachemka, gari linajipunguzia nguvu lisiungue. Bi Tochi akawasha gari, akafungua kitanki cha maji hayo, akamulika tochi. Maji yanacheza. Pampu inafanya kazi. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Yeye aliliacha gari likiwa limewashwa juani, akavuta kigoda, akakaa. Dakika arobaini. Akamulika tena. Maji kimya. Akagusa pampu, haitetemeki. Akapima plagi yake, umeme unafika. Umeme unafika, pampu haizunguki. Basi mgonjwa ni pampu. Ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata joto inazimia.

Kesho yake ikaja pampu mpya. Akazima gari, akakata umeme, akamwaga maji, akafungua mipira miwili ya maji na boliti tatu. Akafunga mpya, akajaza maji. Na hapo akakosea, sitamficha. Gari lilipowashwa pampu ikakoroma, taa nyekundu ikarudi. Mkuu akaanza kutabasamu.

"Nimekosea mimi," Bi Tochi akasema mbele ya wote. "Nimeacha hewa ndani."

Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akaongeza maji kidogo kidogo mpaka mapovu yakaisha. Mkunga akapanda mlima mara tatu, akarudi na taa imezimika. Ameniambia jana, "Betri ile ile niliitumia miaka minne zaidi. Ile waliyosema imekufa."

Mkuu alisema nini? "Bahati tu. Rudi kwenye viti, magari mawili yanakusubiri."

Ahadi imeliwa mchana kweupe, watu wanatazama. Bi Tochi alinawa mikono, akachukua tochi yake, akatoka. Wiki tatu baadaye alifungua gereji yake ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango wa mkuu. Pale alifanya kazi miaka kumi na tisa. Wanawake saba wamejifunzia ufundi pale. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kusugua viti.

Kwa binti yake, kwa dada zake na kwa mafundi wake saba: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi mnaonisikiliza, mtazameni vizuri yule mliyempa brashi. Muulizeni anajua nini. Kisha nyamazeni, mumsikie.

Nimalizie na hili. Asubuhi mkuu wa gereji ile alipiga simu hapa studio. Anaomba tumtaje katika kumbukumbu hii kama mlezi wa Bi Tochi, aliyemfundisha kazi. Nikampigia binti, maana si langu kuamua. Akasema, "Mtaje, asije akanuna. Ila mweke kwenye majirani."

Majirani wa ng'ambo ya barabara, poleni na nyinyi.