Hatua Arobaini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimwita Profesa Vumbi. Alizikwa Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nane. Alikuwa mjiolojia. Kazi yake ilikuwa kutafuta maji chini ya ardhi.

Ujanani alifanya kazi melini, akipima gesi iliyoganda kama barafu chini ya sakafu ya bahari. Mkewe anasema siku walipojuana alimwonyesha picha ya kipande cha barafu kinachowaka moto. "Nikasema, huyu ama ni mwongo, ama ni wangu."

Meli aliiacha kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa akifuata maji mbali, ndoo kichwani, mara tatu kwa siku. Akaingia ofisi ya maji. Akaomba kupima mtaa alikozaliwa. Wiki tano alitandaza nyaya zake kwenye vichaka, jua la utosi, mpaka akaubaini ufa mwembamba ndani ya mwamba. Ufa umejaa maji. Akapigilia kigingi chekundu juu yake. Akaandika kwenye ripoti: maji yapo mita sitini na mbili. Nasema tena, mita sitini na mbili.

Kisha ofisi ikamtuma wilaya nyingine. Huku nyuma mashine ikaja, ikachimba pale pale penye kigingi. Mita mia moja na kumi. Vumbi tupu.

Wasikilizaji wapendwa, kigingi kilikuwa kimehamishwa. Na aliyekihamisha ni mdogo wake, tumbo moja. Alitaka bomba liwe mbele ya kiwanja chake. "Nilijiambia maji ni maji," alimweleza mwandishi wetu. "Hatua chache zina nini?"

Mjiolojia aliporudi alikuta umati umelizunguka shimo, umefura. Walimtemea mate. Mdogo wake alikuwa katikati yao, naye akipiga kelele. Wiki hiyo hiyo mjiolojia akafukuzwa kazi. Akafungua kibanda cha fotokopi, na watu wakawa wanapita wakikohoa makusudi, eti vumbi limewapalia.

Mama yake akaendelea kubeba ndoo. Mwaka wa kumi na tatu akateleza, akavunjika nyonga. Hakuinuka tena. Mjiolojia alikuwa akimlisha uji, naye mama anageuzia uso ukutani. "Mwanangu msomi kanichimbia shimo," aliwaambia wageni. Mdogo mtu alikuwa kwenye kiti, anasikia. Alikunywa chai yake. Mama akafa na kinyongo chake.

Ikatimia miaka kumi na tisa tangu shimo lile lichimbwe. Mwezi uliopita wataalamu wapya waliifukua ile ripoti ya zamani, wakapima upya kutoka kwenye jiwe kubwa la njiapanda lililotajwa humo, wakachimba palipoandikwa. Maji yakaruka. Mita sitini na mbili.

Wakati huo mjiolojia alikuwa wodini, figo zimekataa. Mdogo wake akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kaka, kile kigingi..."

"Hatua arobaini na moja," mgonjwa akamkatiza. "Nilipima siku ile niliporudi."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Watu walikuwa na mawe mikononi, wangekuua. Nikadhani nitasema wakipoa. Hawakupoa."

Mdogo mtu akalia. Akasema, "Nisamehe, kaka."

"Nenda kamwambie mama."

"Mama si ameshafariki, kaka?"

"Najua."

Akafumba macho. Siku mbili baadaye alikata roho. Neno jingine hakumpa.

Mkewe aliyasikia hayo msibani, pamoja na wageni, mdogo mtu alipokiri mbele yao. "Amenificha mimi," anasema. "Nimezomewa sokoni miaka kumi na tisa, nikiamini kwamba kweli alikosea. Mara ngapi nimemwambia hivyo usoni!" Shemeji yake alipotaka kushika jeneza, alimsukuma.

Na sisi tuna letu. Jina la Profesa Vumbi lilizaliwa hapa, kwenye kipaza sauti hiki. Nililitunga mimi. Mlicheka, mkapiga simu mkaomba nirudie, nami nikarudia. Hakuna aliyemuuliza kilichotokea. Mimi pia sikumuuliza, na kibanda chake kilikuwa mkabala na studio.

Tunatoa pole kwa mjane, kwa watoto, na kwa mdogo wa marehemu pia. Mungu amlaze pema. Nawe unayenisikiliza, yupo mtu mtaani kwenu mliyempachika jina. Kabla ya kulitamka tena, kaa naye umuulize angali anaweza kujibu.