Kidonge cha Tanki

Kijiwe chetu kiko Soni, kwenye kona wanapopakia kabichi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito, tunajibana wanne kwenye benchi la watu watatu, na anayetubana ni Danieli, dereva wa Fuso, ambaye sisi tunamwita Tanki. Ijumaa iliyopita alikuja amechangamka kupita kiasi. Kesho yake alikuwa anampeleka binti yake Evelina madhabahuni, koti la suti limegoma kufunga, na sasa siku ya tatu anameza vidonge vya kuzuia mafuta. Nilifurahi sana, maana wiki nzima alikuwa amenuna mpaka kahawa ikawa chungu.

Tanki: Wazee, mambo moto! Kila mlo kidonge kimoja. Mafuta yakifika tumboni yanakikuta, hayaingii mwilini!

Salimu tunamwita Profesa. Aliwahi kulinda geti la maliasili, wanapokagua magari ya magogo, na tangu hapo kila kitu duniani anakieleza kwa geti.

Profesa: Hilo geti hilo! Gogo halina kibali? Linashushwa hapo hapo!

Ibrahimu, muuza kahawa wetu, alisahau kumimina.

Ibrahimu: Yanazuiwa yote?

Tanki: Dada wa duka la dawa kasema kama theluthi tu. Tena kasisitiza nile mafuta kidogo.

Mimi: Sasa hizo chipsi mayai ni za nani?

Tanki: Zangu! We hujawahi kuweka vibarua? Unamlipa mtu apakie kabichi, halafu unamnyima kabichi? Nikila mafuta kidogo, kidonge kitashinda kinafanya nini? Nakipa kazi!

Profesa: Umeona mbali! Tena kikizoea kazi, kikimaliza mafuta ya leo kinahamia kwenye kitambi, kinakamata ya Krismasi!

Ibrahimu: Mpaka ya siku aliyobatizwa!

Profesa: Kesho suti itampwaya huyu! Ataingia kanisani kashikilia suruali!

Tulipiga makofi mpaka wapakiaji wakageuka. Sitaficha, hata mimi niliamini. Tanki akaagiza sahani ya pili, akasisitiza mafuta yasichujwe.

Alikuwa amefika nusu ya sahani hiyo Evelina alipofika, nywele zimeshasukwa za harusi. Akapiga goti kidogo.

Evelina: Shikamooni.

Sote: Marahaba, bibi harusi!

Evelina: Baba, fundi anakusubiri ukajaribu koti. Halafu nimesoma karatasi ya vile vidonge vyako. Samahani nauliza. Mafuta yakishazuiwa, yanatokea wapi?

Ibrahimu akaanza kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilimtazama Tanki, naye alikuwa ameacha kutafuna, jasho linamtoka na baridi yote ile.

Evelina: Maana kesho kutoka mlangoni mpaka madhabahuni ni mbali, baba. Na kanisa litajaa.

Tanki aliweka uma chini. Akainuka taratibu, taratibu sana, huku anaivuta sweta yake ishuke kwa nyuma.

Tanki: Jamani. Ufunguo wa choo cha soko nani anao?