Mwalimu Hénoc na Visima Kumi na Viwili vya Kikula

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Hénoc Kalombo wa Kikula, hapa Likasi. Mwalimu wa hesabu. Alifariki Alhamisi, moyo ulisimama, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Kwa miaka sita Hénoc aliunda maktaba ya kompyuta. Si maktaba ya vitabu. Ni fungu la maagizo yaliyo tayari, ili mwingine anayeandika programu asianze na sifuri. Lugha ya programu aliyoichagua ina msimamo wake: namba ikishawekwa haibadilishwi; ukitaka nyingine, unaunda mpya. Aliipenda kwa hilo. Maktaba yake ilipanga namba katika jedwali lenye pande nyingi: kisima, mwezi, kina cha maji, aina ya madini.

Maana Hénoc alikuwa akipima visima. Visima kumi na viwili, miezi kumi na miwili. Kisha alipita nyumba kwa nyumba akisema kipi kinywewe, kipi kiachwe. Watu walimwamini. Kisima cha nne kilikuwa uani kwa dada yake mkubwa, Jaël. Hénoc alimwambia ni kizuri. Jaël akanywa miaka miwili.

Siku moja Hénoc aliongeza kisima cha kumi na tatu. Maktaba ikagoma. Ndipo alipoona. Ilijua upande wa kwanza na upande wa pili tu, majina haikuyajua. Ilikuwa imegeuza miezi kuwa visima. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, haikulalamika; kumi na tatu kwa kumi na mbili, ikakataa. Uliokuwa mzuri ni mwezi wa nne. Kisima cha nne hakikuwa kizuri.

Alivaa viatu, akaenda nyumba zote kumi na mbili zenye visima hivyo. Kwenye kila mlango alisema: nilikosea. Wengine walimtukana. Jaël alikuwa ameshaanza kuugua figo. Hénoc alimuuliza daktari mara tatu kama ni yale maji. Mara tatu daktari alijibu kwamba hawezi kujua.

Jaël alimwambia, "Miye siko na kasirani na weye, mudogo yangu. Lakini usiniambie tena mambo ya namba."

Hakumwambia tena. Alianza upya. Safari hii kila upande ulibeba jina lake, na kuchanganya kisima na mwezi kulikataliwa kabla programu haijaanza. Katika hilo alifaulu. Lakini kila hesabu ilizaa nakala nyingine ya jedwali zima. Mashine ilijaa, kazi ikakatika. Alitafuta namna ya kutumia kipande cha jedwali bila kukinakili. Hakuipata.

Mkewe, Stéphanie, anasema, "Alikuwa anafuta, anaanza, anafuta tena. Mu nyumba hatukumusikia tena kucheka."

Maktaba haikuisha. Visima havikupimwa tena. Jaël bado anachota pale uani. Hana pengine pa kuchota.

Mama Stéphanie, Mama Jaël, poleni sana. Likasi inalia pamoja nanyi. Na wewe unayetusikiliza, jiulize: leo ni nani anayeishi kwa neno lako, nawe hujalihakikisha?